Fungua Boneti Kwanza: Kuijua Gredi ya Gari la Mtumba Arua na Koboko

Ukimwuliza dalali wa Arua gari lake ni la gredi gani, mara nyingi atakupeleka nyuma akuonyeshe buti. Pale pameandikwa G, au X, au SE Limited, na bei aliyokutajia imeegemea pale. Ushauri wangu kwa yeyote anayetaka gari la zamani huku West Nile, Uganda, ni kwamba buti lisomwe mwisho. Beji imeshikwa na gundi. Gari likipigwa rangi inang'olewa, inarudishwa nyingine, na madukani zinauzwa rejareja pamoja na balbu na waipa. Gredi ya kweli imeandikwa ndani ya boneti, na kuisoma ni kazi ya dakika chache kwa anayejua anachotafuta.

Wapo wanaosema gari likishafikisha miaka ishirini gredi haina maana tena, kwa kuwa redio imeshabadilishwa na siti zimeshashonwa upya. Sikubaliani nao hata kidogo. Gredi siyo siti. Kwenye magari mengi ya Kijapani, gredi ndiyo iliyoamua injini, na injini ndiyo itakayoamua kama utalala Arua au utalala njiani Pakwach. Chukua Toyota Premio ya toleo la 2001 hadi 2007. Iliyoitwa F ilitoka na injini ya 1NZ-FE ya cc 1500. X kwa kawaida ilipewa 1ZZ-FE ya cc 1800. G ilipewa 1AZ-FSE ya cc 2000, ile ambayo mafundi wa Afrika Mashariki wote wanaiita D4. Kwa macho, gari ni lile lile. Kwa gereji, ni magari matatu tofauti.

D4 hunyunyizia petroli moja kwa moja ndani ya silinda kwa pampu ya shinikizo kubwa. Japani, kwa petroli safi na huduma za wakati, ilikuwa injini nzuri. Lakini Arua ndio mji uliowalea OPEC Boys, vijana waliouza mafuta ya magendo kutoka mpakani kwa madumu na chupa, na mpaka leo si kila lita inayoingia tangini huku imetoka kwenye kituo. Mafuta machafu huanza kuila pampu ile na nozeli zake, na masizi hujaa kwenye njia ya hewa ya kuingilia. Kwa hiyo mtu anayelipa zaidi kwa sababu buti limeandikwa G anaweza kuwa analipia gari lililo gumu zaidi kulitunza katika mji huu. Na anayelipia G kumbe kapewa F iliyobandikwa herufi, ameibiwa pesa, ingawa huenda gari lenyewe likamfaa zaidi. Wote wawili walihitaji kujua kabla ya kulipa.

Sasa fungua boneti. Kwenye Toyota nyingi za miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000 utakuta kibati cha aluminiamu kilichopigwa ribiti kwenye ukuta wa chuma unaotenganisha injini na abiria. Mara nyingi kimefunikwa na vumbi jekundu lililogandana na oili. Kifute kwa kitambaa chenye petroli kidogo, taratibu, usikikwaruze. Kina mistari michache tu: MODEL, ENGINE, FRAME NO., COLOR na TRIM, kisha TRANS na AXLE, na PLANT. Vibati vingine hufupisha rangi na ndani kuwa C/TR, na gia kuwa A/TM. Piga picha kwa simu, kisha soma bila haraka.

Mstari wa MODEL ndio wenye mali. Una vipande vitatu vilivyotengwa kwa vistari. Kipande cha kwanza kinaeleza kiwango cha moshi ambacho gari lilikubaliwa nacho Japani, nacho kinakupa fununu ya umri: E peke yake ni ya magari ya zamani, GF ilikuja mwishoni mwa miaka ya 1990, TA na UA ni za mwanzoni mwa miaka ya 2000, CBA na DBA zikafuata katikati ya muongo huo. Ukiambiwa gari ni la 2006 na kibati kinaanza na GF, funga mkoba wako uulize maswali. Fununu hii ina thamani Uganda, kwa sababu tangu 2018 sheria inakataza kuingiza nchini gari lililotimiza miaka 15 tangu litengenezwe, na kibati cha Toyota ya soko la Japani hakiandiki mwaka. Ukitaka ushahidi mwingine wa umri, vuta mkanda wa siti mpaka mwisho. Mikanda mingi ina lebo ya kitambaa chini kabisa yenye tarehe ya kutengenezwa, na ni watu wachache wanaokumbuka kuibadilisha.

Kipande cha pili ni jina halisi la gari. NZT240 ni Premio au Allion ya cc 1500, ZZT240 ni ya cc 1800, na AZT240 ndiyo D4 ya cc 2000. Basi Premio nyeupe iliyoegeshwa yadini ikiwa na G kubwa kwenye buti, na kibati kinasema NZT240, haijawahi kuwa G hata siku moja. Toleo lililofuata, lililoanza 2007, linasomwa vivyo hivyo: NZT260 ya cc 1500, ZRT260 ya cc 1800, ZRT261 ya cc 2000. Corona Premio ya kabla yake, ya 1996 hadi 2001, ilikuwa AT210 kwa cc 1600, AT211 kwa cc 1800 na ST210 kwa cc 2000. Hiyo ST210 nayo iliwahi kutoka na injini ya D4 ya kizazi cha mwanzo, 3S-FSE, inayowachosha mafundi kuliko hata iliyoifuata, kwa hiyo isome pamoja na mstari wa ENGINE.

Kikumi, Corolla yetu ya mwili wa 100 inayobeba watu na magunia ya mihogo kila mahali, nayo ina siri zake. AE100 ni cc 1500, EE101 ni cc 1300, AE101 ni cc 1600, CE100 ni dizeli. Gredi zake zilikwenda kutoka DX ya chini mpaka SE Limited na GT. Mtu akikuuzia Kikumi ya kupanda milima ya kuelekea Kongo ikiwa na abiria watano, tofauti ya EE101 na AE101 utaisikia kwenye mlima wa kwanza.

Tarakimu ya mwisho ya kipande hicho cha pili mara nyingi hukuambia kama gari linavutwa na magurudumu manne. Fielder ya NZE121 huvutwa na ya mbele tu, NZE124 ni 4WD. Probox ya NCP51 ni ya mbele, NCP55 ni 4WD. Premio ni ZZT240 na ZZT245, Noah ni AZR60 na AZR65. Usiigeuze kuwa kanuni ya kila gari, maana RAV4 ya kizazi cha pili itakuumbua: ACA21 ni 4WD ya cc 2000, na ZCA26, yenye namba kubwa zaidi, ni cc 1800 inayovuta kwa mbele tu. Nimeona RAV4 za aina hiyo zikinadiwa kama magari ya mvua na matope. Nissan wao huweka N mwanzoni, hivyo X-Trail ya T30 si 4WD, ya NT30 ndiyo. Ukishasoma kibati, inama uangalie chini ya gari. Lazima propela iwepo na difu ya nyuma iwepo, kwa sababu wapo mafundi wanaozitoa ili kupunguza kelele na mafuta, na gari huendelea kuuzwa kwa bei ya 4WD.

Kipande cha tatu ni kikundi cha herufi, aghalabu tano. Kwa Corolla na jamaa zake herufi ya pili hutaja mwili, E kwa sedani na W kwa wagoni, ya tatu hutaja gia, M kwa gia tano za mkono na P kwa otomatiki ya gia nne, na ya nne ndiyo gredi. Hapo wengi hujikwaa. Herufi ya gredi kwenye kibati si lazima ifanane na ile ya kwenye buti, kwa kuwa kiwanda kilikuwa na alama zake na wauza magari walikuwa na majina yao. Usikisie. Chukua namba ya chasi, yaani jina lile lile la gari likifuatwa na tarakimu saba, uiingize kwenye katalogi ya vipuri ya Toyota iliyoko mtandaoni. Itakutolea mwezi wa kutengenezwa, injini, gia na gredi. Fundi yeyote wa Arua anayeagiza vipuri Kampala kwa simu anajua pa kuitafuta. Kama hujui, mlipe soda akuonyeshe. Gari la soko la Japani halina namba ya tarakimu 17, kwa hiyo tovuti za Kimarekani za kusoma namba ya chasi zitalikataa. Hilo halimaanishi kwamba gari ni la wizi.

Mstari wa rangi usiupite. 040 ni nyeupe, 202 ni nyeusi, 1C0 ni fedha. Kibati kikisema 202 na gari mbele yako ni jeupe, limepakwa upya lote, na mwenye gari anapaswa kuwa na maelezo. Pembeni yake kuna namba ya ndani: ikianza na F siti zilikuwa za kitambaa, ikianza na L zilikuwa za ngozi. Siku hizi siti za ngozi zinashonwa mjini kwa siku mbili, na dalali atakuambia ni gredi ya juu. Herufi moja inamaliza mjadala.

Koboko ina jambo lake ambalo msomaji wa Kampala hahitaji kulifikiria sana. Pale mipaka ya Uganda, Kongo na Sudan Kusini inakutana, na Oraba ya upande wa Uganda inatazamana na Kaya ya Sudan Kusini. Uganda tunaendesha kushoto. Kongo na Sudan Kusini wanaendesha kulia. Tangu barabara ya Vurra, Arua, Koboko hadi Oraba, kilomita 92, iwekwe lami, magari ya pande zote yanapishana humo kila siku, na baadhi yake huishia kwenye yadi zetu. Kwa hiyo Koboko utakutana na Corolla iliyotoka Japani, nyingine iliyotoka Dubai na nyingine iliyotoka Marekani, zote zimesimama jua moja, na kila moja ina lugha yake ya gredi. Ya Ghuba itaandikwa XLi au GLi, na Land Cruiser za huko ni GXR na VXR. Ya Marekani itaandikwa CE, LE au S. Usijaribu kuzipanga pamoja na F, X na G, hazipangiki.

Hizo za nje ya Japani zina namba ya tarakimu 17, na kwa zilizotengenezewa soko la Marekani tarakimu ya 10 ni mwaka wa modeli: 4 ni 2004, 5 ni 2005, na A ni 2010. Kwenye kibati chake kuna jambo muhimu zaidi. Toyota ya kupelekwa nje huandikwa L au R mara baada ya jina, kuonyesha upande wa usukani. Land Cruiser ya hardtop inayotumiwa na mashirika huandikwa HZJ78L kama usukani ulikuwa kushoto na HZJ78R kama ulikuwa kulia. Mwishoni mwa mstari kunaweza kuwa na herufi ya soko: V kwa Ghuba, W kwa Ulaya, Q kwa Australia, A kwa Marekani. Sasa ukiona L kwenye kibati na umekaa ukishika usukani upande wa kulia, gari limehamishwa usukani. Kazi hiyo huhusu safu ya usukani, pedali za breki, nyaya za dashibodi, wakati mwingine hata ukuta wenyewe wa chuma kukatwa na kuchomelewa. Ikifanywa vibaya inaua watu. Mimi siwezi kumshauri mzazi yeyote kununua gari la namna hiyo la kupeleka watoto shule, hata liwe rahisi vipi.

Hardtop zenyewe ziko nyingi mkoani kwa sababu ya kambi za wakimbizi, Bidibidi iliyofunguliwa 2016, Rhino Camp, Imvepi na Lobule, na mashirika huziuza yakimaliza muda nazo. Karibu zote zina injini moja, 1HZ ya dizeli ya cc 4200, silinda sita, na gredi haina mengi ya kueleza hapo. Utafute kumbukumbu za huduma badala yake.

Kama gari limekuja moja kwa moja kutoka Japani, muulize mwenye gari cheti cha kusafirishia kilichotolewa na serikali ya Japani. Watu hukitupa kwenye droo gari likishapata namba ya Uganda, lakini kina namba mbili za thamani: namba ya aina yenye tarakimu tano na namba ya uainishaji yenye tarakimu nne. Zikiwekwa pamoja zinataja gredi yenyewe bila ubishi, na pia kimeandikwa mwezi gari liliposajiliwa mara ya kwanza. Karatasi ya mnada, kama ipo, imeandikwa gredi ya gari juu, na mahali pengine kuna alama ya hali yake kama 4 au 3.5 au R. Madalali huzichanganya hizi mbili kwa kusudi. Gari la "gredi 4" kwenye mnada ni gari lenye hali nzuri siku ile, halielezi chochote kuhusu G au X. Logibuku ya Uganda haitakusaidia kwa gredi, ila namba ya chasi na ya injini zilizomo humo lazima zilingane na zilizogongwa kwenye chuma. Namba ya chasi ikiwa imesagwa, imechomelewa au kibati kina ribiti mpya, ondoka. Usibishane na mtu. Injini ikiwa tofauti na kibati si dhambi kubwa, kwa kuwa wengi wametoa D4 wakaweka injini tulivu, lakini badiliko hilo liwe limeandikishwa kabla hujalipa.

Kibati kikikosekana kwa kutu au ajali, chumba cha ndani kinaweza kutoa ushahidi, ingawa ni dhaifu. Tazama vitu ambavyo ni ghali au vigumu kuhamisha. Kwenye dashibodi, gredi za chini za magari mengi hazina mita ya mizunguko ya injini, zina pengo au saa kubwa mahali pake. Tafuta vifuniko vitupu vya plastiki pale ambapo kungekuwa na vitufe: kila kifuniko ni kitu ambacho gredi ya juu ilikuwa nacho na hii haikupewa. Kiyoyozi cha kuzungusha kwa mkono na kile cha kidijitali si rahisi kubadilishana, kwa sababu nyaya na vitambuzi ni tofauti. Chungulia kupitia rimu za nyuma uone kama breki ni drami au diski. Fungua mlango wa dereva usome kibandiko cha saizi ya matairi. Rimu za inchi 16 kwenye gari lililoandikiwa 14 zimenunuliwa mjini. Subaru Forester yenye tundu la hewa kwenye boneti lazima iwe na intakula chini ya tundu hilo, vinginevyo umeuziwa boneti ya gari lenye turbo juu ya gari lisilo nayo.

Probox inastahili neno lake, maana ndiyo inayotafutwa na kila mfanyabiashara. Herufi baada ya namba, V au G, inatofautisha gari la mizigo na wagoni ya abiria. NCP51V ina kiti cha nyuma chembamba kilichokusudiwa kukunjwa, na NCP58G ina kiti cha watu. DX ndiyo ya chini kabisa, na nyingi zina vioo vya kuzungusha kwa mkono. Kwa vumbi la huku nazipenda hizo. Kioo cha mkono hakiunguzi mota, na kinafunguka hata betri ikifa.

Ukiniuliza nichague, ningenunua gredi ya chini yenye injini rahisi, 1NZ-FE au 5A-FE, na pesa iliyobaki niiweke kwenye bushi, shoki na matairi. 1ZZ-FE ya miaka ya mwanzo ina sifa ya kula oili, kwa hiyo ipime kwa safari ndefu, si kwa kuiwasha yadini. Fielder ya Z Aero Tourer yenye 2ZZ-GE ni gari la kupendeza, lakini inataka petroli bora ambayo Koboko hutaipata kila siku. Harrier usiiguse kama ni ya AIRS, ile yenye mito ya hewa badala ya springi, isipokuwa una gereji ya uhakika Kampala na hujali kuivuta kilomita mia nne na ushei. Prado ya TZ ya mwili wa 120 inaweza kuwa na mito hiyo nyuma, kwa hiyo TX mara nyingi ndiyo yenye amani.

Kuhusu bei, mwonyeshe dalali picha ya kibati kwa heshima, mwenye gari akiwepo. Usimwite mwizi. Mwambie tu, "Mzee, hili ni NZT240, tuongee bei ya F." Wengi wao nao waliuziwa hivyo hivyo na hawakujua. Anayejua na akaendelea kusisitiza ni G, huyo hata mambo mengine atakudanganya, na magari Arua hayajaisha.

Picha ile usiifute baada ya kununua. Pedi za breki, shoki na hata vioo vya taa hutofautiana kwa gredi ndani ya modeli moja. Ukimtumia muuza spea wa soko la Kisekka, Kampala, picha ya kibati badala ya kumwambia "Premio ya 2004", atafungasha kinachoingia, na basi la usiku litakuletea asubuhi.